Bahasha Aliyoibeba Solange

Mayfair, Johannesburg
Agosti, 2018

Fundi Etienne, ndugu yangu,

Koti ulilonishonea sikulistahili. Limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu, la kijivu, na bitana ya buluu uliyoichagua wewe, na kila asubuhi nikifumbua macho ndilo la kwanza ninaloliona. Ulinishonea kunishukuru kwa barua niliyomwandikia binti yako alipoomba nafasi chuoni. Kuna jambo nimelificha kuhusu barua ile. Haikumsaidia Solange. Ndiyo iliyomzuia.

Basi, nimesema. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu macho yamekwisha, univumilie. Daktari zamani alikuwa akiniambia mimi mwenyewe hali yangu. Siku hizi anamwita mwanangu Hemedi pembeni, wanaongea kwa sauti ya chini, nami najua maana yake. Ninyi Wakatoliki mna padri wa kumwungamia. Sisi dhambi ya mtu kwa Mola wake huombwa kwa Mola, lakini haki ya mtu haifutiki mpaka mwenyewe aliyedhulumiwa aseme, "Nimekusamehe." Nawe umeshatangulia mbele ya haki. Nimechelewa, Fundi. Nimebaki na karatasi.

Nakumbuka Bertrams, vyumba vyetu viwili vilivyogawana ukuta mmoja. Siku za mechi uwanja wa mpira wa jirani ukinguruma mpaka vioo vinatetemeka, ulikuwa unagonga ukuta na kuuliza, "Mwalimu, wamefunga ao wamefungwa?" kana kwamba mimi niliyesoma sana lazima nijue na hilo. Ulikicheka Kiswahili changu cha Tanga. "Weye unaongea kama redio," ulisema. Nami nilikuambia kwamba ninyi watu wa Kongo mmekichukua Kiswahili kizima mkakitia viraka vya Kifaransa. Ukajibu kwamba fundi hapewi nguo isiyo na tundu.

Na Jumamosi zetu dukani kwako, Jules Street. Meza ya kukatia ndiyo ilikuwa darasa. Nilimfundisha Solange hisabati kwa chaki yako ya kuchorea nguo, huku ukinuna kwamba naimaliza. Alikuwa na miaka kumi na saba siku alipookota mkono wa koti ambao haujashonwa, akaupima mzunguko wake wa juu kwa futi, kisha akapima mzunguko wa tundu la bega. Akaniuliza: "Babu, mkono ni mrefu kuliko tundu lake. Unaingiaje?" Nilitazama. Alikuwa amepima sawasawa. Nikaanza kueleza habari za miduara, nikapotea katikati. Wewe ulichukua sindano. Ulipiga mishono midogo ya kulegea pembeni mwa mkono, ukavuta uzi taratibu, ukapitisha pasi ya mvuke, mkono ukaingia begani bila kujikunja hata pahali pamoja. Solange akatazama vidole vyako, kisha akatazama daftari langu, kisha vidole vyako tena. Pale ndipo alipopata alichokitaka maishani. Nilimwona akikipata.

Kwa hiyo alipokuja na fomu za kile chuo kidogo, hakutaka uuguzi wala uhasibu. Alitaka ile programu yao maalumu, inayochukua vijana wachache waliofaulu sana, wasome hisabati na historia na falsafa na sanaa kwa pamoja, na mwisho kila mmoja anaandika utafiti mmoja unaozigusa zote. Nilicheka. Nilimwambia mbele yako, "Mshika mbili moja humponyoka, sembuse nne."

Ulikuwa na pini mdomoni. Ukazitoa moja moja, ukazichomeka kwenye kijimto ulichokifunga kifundoni mwa mkono. "Mwalimu," ukasema, "mi nashika mkasi, nashika kitambaa, pini ziko kinywani, mguu uko kwa mashine, na kichwani nawaza bugali. Sasa niambie, kitu gani kimeniponyoka?" Mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa mdomo.

Fomu ilitaka barua ya mtu aliyemfundisha, ndani ya bahasha iliyofungwa, na saini ya mwandishi ipite juu ya mfuniko ili isifunguliwe njiani. Shuleni alikuwa na walimu. Akanichagua mimi. Jioni ile ile ulikuja chumbani kwangu na futi shingoni, ukanipima mabega bila kuniambia sababu. Nilijua sababu.

Niliandika mistari sita. Niliandika kwamba binti huyu hachelewi, kwamba mwandiko wake ni safi, kwamba ana utii kwa wakubwa, na kwamba angefaa katika kozi ya kawaida yenye kazi dhahiri mwishoni mwake. Hakuna uongo ndani yake hata mmoja. Lakini mimi nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minne, na walimu tunajuana. Ukitaka kumfungia mtoto mlango bila kumtukana, usifu mwandiko wake. Anayesoma ataelewa kwamba hukupata kingine cha kusifu. Sikuitaja siku ya mkono wa koti. Nikatia saini juu ya mfuniko, nikampa. Aliichomeka ndani ya kitabu isije ikajikunja, akaipeleka mwenyewe kwa mikono yake. "Sharp, Babu," aliniambia. "Asante sana."

Walimpa nafasi chuoni, kwenye kozi ya kawaida. Programu wakamkatalia. Siku ile mashine yako haikulia. Nilikuja kukupa pole, na wewe ndiye uliyenipa pole mimi! "Eish, Mwalimu, na barua yako yote ile," ulisema. "Usijilaumu. Pengine wameona ni mtoto wa fundi." Wiki iliyofuata ukaniletea koti. Nililivaa mbele yako, Fundi. Nilinyoosha mikono nikazunguka ulivyoniambia, ukavuta pindo la nyuma, ukasema limekaa.

Kisha baridi ikaja na kifua chako kikakuzidi. Nilikuwa makaburini, Hemedi amenishika mkono, na wakati wenzako wa kwaya wanaimba nilikuwa nawaza jambo moja tu: kwamba umeondoka na sentensi ile. Pengine wameona ni mtoto wa fundi.

Unataka kujua yaliyobadilika. Duka lako sasa wanasuka nywele. Mashine yako mkeo amekataa kuitoa, ameiweka karibu na dirisha na anashona mapazia, na Solange anasema mama anazungumza nayo. Mimi, Hemedi alinihamishia kwake hapa Mayfair, msikiti uko mtaa wa pili, nasikia adhana ila miguu hainifikishi. Na kila Jumamosi mwanao anakuja. Ananitia dawa ya macho, kisha ananisomea gazeti la Kiswahili nililoletewa na jamaa kutoka Dar, la zamani mara nyingi, hatujali. Kiswahili chake cha kusoma ni cha polepole. Anateleza, anajisahihisha, anacheka, "Babu, maneno yenu ni marefu kama treni."

Wiki tatu zilizopita aliingia bila kubisha hodi. "Babu! Mi nimeingia! Wamenichukua!" Kumbe wanafunzi wanaofanya vizuri wahadhiri wao wanaweza kuwapendekeza tena, na wahadhiri wawili wamempendekeza, mmoja wa hisabati, mwingine wa historia ya mavazi. Utafiti wake utahusu mkono wa koti, Fundi. Namna kitu kirefu kinavyoingia katika kifupi bila kujikunja, hesabu yake, na watu waliolijua jambo hilo kwa vidole kabla ya kuwapo wa kulihesabu. Ukurasa wa kwanza ataandika jina lako.

Halafu akainama akanibusu kwenye paji la uso. "Asante, Babu," akasema. "Njo wewe wa kwanza uliniandikia." Neno lako kabisa hilo, "njo", pale ambapo mimi ningesema "ndiye". Nikageuka ukutani nikasema dawa ya macho inachoma.

Kuna siku ya kuwakaribisha wanaoingia katika programu, na kila mmoja anakuja na wazazi wake. Mama yake yupo. Kwa nafasi yako ameniomba mimi, na ameniomba nivae koti. Nimemwambia ninaumwa. Hilo nalo si uongo. Mimi ni hodari wa kusema kweli za namna hiyo.

Miaka hii yote nilijitetea kwamba nilimhurumia. Mtoto wa mgeni katika nchi ya watu, nilijiambia, anahitaji kazi yenye jina moja. Lakini Hemedi naye nilimchagulia kazi yenye jina moja. Alikuwa anachora kila karatasi iliyokaa wazi, nami nikamsukuma kwenye uhandisi, akaacha mwaka wa pili. Sasa anauza vifuniko vya simu. Ni mwana mwema, ananilisha, ananiogesha. Hajashika kitabu mbele yangu tangu wakati ule. Na kule Bertrams, kupitia ukuta, nilikusikia ukimwuliza Solange, "Wewe roho yako inapenda nini?" Niliacha kula. Swali hilo sikuwahi kumwuliza mwanangu.

Nakuahidi hivi. Jumamosi hii sitampa gazeti. Nitampa barua hii, bila bahasha, anisomee kwa sauti mpaka mwisho. Akiteleza nitangoja. Akiacha katikati akaondoka, koti litarudi kwa mkeo, na mimi nitakutana nawe nikiwa na deni langu lote. Akinisamehe kwa nafsi yake na kwa niaba yako, nitalivaa, hata kama Hemedi atanibeba mgongoni kunifikisha.

Lala salama, Fundi, penye mashine isiyokata uzi. Hii ndiyo kwaheri ambayo makaburini sikuweza kuitamka.

Na ile sentensi uliyoondoka nayo, niachie, si yako. Chuoni hawakuona mtoto wa fundi. Mimi ndiye niliyemwona. Katika miaka thelathini na minne sikupata kufundisha mwanafunzi wa kumfikia Solange. Nililijua hilo nikiwa nimeshika kalamu, na sikuliandika, kwa sababu hakuwa wangu.