Mkwe wa Butiama

Jumanne, 4 Juni 2024
Nimemaliza twiga wa ukutani, lodge ya Bunda. Twiga tena! Meneja amefurahi. Mimi nimeona aibu — twiga hana uhai, kama wa kwenye kalenda. Revocatus alinifuata na pikipiki, tukarudi Musoma. Dukani kwake Iringo ndiko nilikonunua rangi nilipofika Tanzania. Sasa nalala kwake.
Enoka akapiga kutoka Kisumu. Nikatoka nje kupokea. Anauliza kama nakula vizuri. Ndiye mume wangu! Revo akauliza ni nani. Nikasema kaka.

Jumapili, 9 Juni
Butiama, kwa mama yake. Kusalimia tu, alisema Revo. Kumbe kuku ameshachinjwa na majirani wamejaa. Mama Revo akanishika mikono yote miwili.
"Hii rangi haitokagi?"
Inatoka na mafuta ya taa, nikamwambia. Akacheka sana. Akaniita mkamwana, mbele ya watu wote.
Hapo ndipo ningesema. Nikala paja la kuku.

Alhamisi, 13 Juni
Nimemchora Mama Revo. Alikaa uani kwake, miguu ameinyoosha, anachambua dagaa. Anauliza huku nachora: baba yangu yuko hai? Wazee wao waje Kenya lini kuleta posa? Nikajibu. Baada ya mavuno, nikasema! Na mkono — Mungu anisamehe — haujawahi kwenda hivi. Sikumpamba. Mashavu yameshuka, jicho moja lina ukungu, na uso mzima unanitazama kama mtoto wake.
Hii ndiyo picha yangu ya kwanza ya kweli. Na nimeiiba.

Ijumaa, 14 Juni
Niliamka niseme. Revo alikuwa anapiga mswaki huku anaimba. Nikaenda kuchemsha chai.

Jumapili, 23 Juni
Butiama tena. Asubuhi, ujumbe wa Enoka: amepata likizo, Jumanne yuko Musoma. Anataka kuona kazi zangu.
Nilimwambia Revo njiani, tuliposimama kuweka mafuta. Yote. Hakupiga kelele. Alifunga tenki, akafunga tena. "Mama asisikie leo," akasema. Hakuniambia nipande. Nikapanda mwenyewe, sikumshika kiuno.
Mama Revo ameita ukoo mzima waione picha. Aliitazama muda mrefu.
"Huyu ni mimi kabisa. Hukunidanganya."
Nilitaka ardhi inimeze.
Kisha akagusa upande mtupu wa turubai. Hapa ujichore wewe, anasema, wajukuu watujue wote wawili. Watu wakapiga vigelegele. Revo amekwenda kusimama zizini, ametupa mgongo.
Nimeomba dakika moja. Wanadhani naandika vipimo. Brashi zimeshaoshwa — ameziosha Mama Revo. Sasa anapangusa kigoda kwa kanga yake, anakiweka karibu na chake.
"Njoo, mwanangu. Sogea. Nafasi inatosha."