Miti Niliyoiita Vichaka

Yeyo wangu,

Sasa hivi tu Sila ameokota ganda kavu la mgunga hapa nje ya ofisi ya chifu, akalitikisa karibu na sikio lake, akacheka peke yake, kisha akanibandikia mimi sikioni nisikie mbegu zikilia ndani. Nimemwambia, "Nimesikia, baba," na macho yakaniuma. Mchezo huo ni wewe ulimfundisha. Ameenda kutafuta lingine, nami nimetoa daftari nikuandikie kabla sijaingiwa na woga tena. Mjukuu wako akusomee polepole huko Loitokitok, na akifika mahali pabaya asiruke.

Unakumbuka nilivyokuja Kitengela, miaka ya tisini ikiisha? Nilikuwa nimeolewa juzi tu, niko na sufuria mbili na tumbo kubwa, na baba Sila anashinda kwa mashamba ya maua. Sikujua mtu. Wewe ulisimama kwa ua wako wa miiba ukaita, "Takwenya!" Sikujua kinachojibiwa. Ukangoja. Ukaita tena. Mara ya tatu ukajijibu mwenyewe, "Iko!" ukacheka mpaka ukashika mbavu. Ukaniambia, "Wewe Mkamba, salamu yangu umeiacha juani, ingeoza." Kesho yake niliitika hata kabla hujamaliza. Tangu siku hiyo nikakuita Yeyo kama watoto wako wanavyokuita mama, na wewe hukukataa hata mara moja.

Sila alipozaliwa hukuniruhusu kumwaga maji ya kumwoshea. Uliyabeba kwa debe, ukayapeleka kwa miti yako ya oloirien. Watu wote hapa huchoma kijiti cha mti huo wakasafisha nacho kibuyu cha maziwa, kikanukia moshi mzuri. Lakini yako hukuivunja hata tawi. Vijiti vya kibuyu ulienda kutafuta mbali, na mgongo wako ule. Siku moja ukaniambia kwa nini: kila mmoja uliupanda ulipojifungua. Waliokua na wale ambao hawakujaliwa kukua, wote walisimama pale. Nami na mdomo wangu nikauliza, "Kwani ni wangapi, Yeyo?"

Ukanitazama kama nimekutukana. "Watoto hawahesabiwi."

Niliona aibu, maana hata kwetu Machakos mama yangu akiulizwa ana watoto wangapi, husema tu, wako. Nilijua, na bado nikauliza.

Halafu pesa za serikali zikafika. Chifu alitangaza kwamba kuna msaada umetolewa ili miti yote ya mji ihesabiwe, ijulikane iko wapi na ina afya gani, ndipo ipangwe mahali pa msitu wa jamii, ambao sisi wenyewe tutaulinda. Wakatafuta watu wanaojua kuandika. Mimi niliachia darasa la saba. Nilikuwa sijawahi kupewa kazi ya kalamu maishani mwangu, Yeyo, na hiyo kalamu niliitia kifuani hata nikienda kuteka maji. Nikapewa na futi ya kupimia, na bahasha ya fomu. Ulinikuta nikizungusha futi kwa mgunga wa kanisani, ukasimama hapo mbele ya watu ukasema, "Unampimia suruali? Mwambie fundi aache tundu la mkia!" Nilicheka mpaka nikapoteza kipimo.

Nilipofika bomani kwako hukucheka. Ulisimama kati yangu na miti.

"Hapa hapana."

"Yeyo, ni serikali. Ni kuandika tu."

"Mnawapigilia bati lenye namba. Nimeona kule barabarani. Hesabu mbuzi wangu, hesabu kuku. Hawa hapana. Wakishajulikana idadi, mimi nitamficha nani?"

Nilikupenda, na hiyo ndiyo sababu. Kwenye fomu ya ploti yako, kwa mstari wa miti, niliandika: hakuna. Nikatia sahihi. Ukanishika kichwa ukaniambia nimezaliwa vizuri, nami nikaenda zangu nikijiona mtoto mwema. Kumbe fomu ikiandikwa hakuna, huko Kajiado ofisini inasomwa hakuna. Ramani ilirudi na rangi. Penye miti ni kijani, pasipo na miti ni peupe, na njia ya lori la kupeleka maji na miche kwa msitu mpya ikapitishwa kwa peupe. Ukingo wa boma lako, upande wa ardhi ya kaunsili, ulikuwa mweupe kama sahani.

Sasa nifike mahali pabaya.

Siku ya tingatinga wewe ulikuwa umeenda Kajiado, soko la mifugo, kuuza mbuzi. Uliambiwa tingatinga lilikuja likaangusha tu. Si kweli. Lilisimama. Nyapara alishuka, akaiangalia miti yako akikuna kichwa, akataka aliyeandika fomu aitwe. Nilikuja na Sila mgongoni. Msimamizi wangu wa hesabu alikuwa pale, amekunja mikono.

"Mama Sila," nyapara akasema, "karatasi yako inasema hapa hakuna mti. Na hizi ni nini?"

Ilikuwa sentensi moja tu. Ningesema, nilidanganya, andikeni upya, na wangegeuza tingatinga. Nikamtazama msimamizi. Nikaiona kalamu ikitoka mkononi mwangu.

"Ni vichaka tu," nikasema.

"Vichaka? Na shina nene hivi?" Yule mtu alinipa nafasi ya pili, Yeyo. Mungu anajua alinipa.

"Vichaka."

Miti ya ukingo ule wa kaunsili ililala yote kabla maji ya chai hayajachemka jikoni kwangu. Ulirudi jioni na sukari ya Sila imefungwa kwa shuka. Nilikuwa nyuma ya mlango. Niliona ukigusa visiki kimoja kimoja kwa kiganja, kama mtu anayepima homa. Uliuliza jirani wote, ukaniuliza mimi mwisho, na nikakujibu, "Ni kaunsili." Ukaniamini. Hilo ndilo linaniua, vile uliniamini haraka.

Binti yako alipokuja kukuchukua ukakae kwake Loitokitok, ulimtemea Sila mate ya baraka kwa paji la uso, kisha ukanitemea na mimi. Ulipopotea njiani nilienda nyuma ya nyumba nikayapangusa. Si kwa dharau, Yeyo. Yalikuwa yananichoma.

Leo ni siku ya mwisho ya kurekebisha orodha, kabla serikali haijatoa sehemu ya pili ya pesa za huo msitu. Mahali pa lori kugeukia pamechorwa nyuma ya nyumba yako, pale walipobaki wale wengine. Mwenye neno anasimama mbele ya watu analisema. Nikisema, msimamizi atachukua kalamu yake, na jirani watajua mimi ni mtu wa namna gani. Nisiposema, hata waliobaki wataenda. Nimechoka kuona aibu kimyakimya, afadhali nionekane.

Nilisumbuka sana niwaandike vipi bila kuwahesabu. Ndipo nikakumbuka ng'ombe wako wakiingia jioni. Hukuwahi kutaja idadi. Ulitazama tu, ukajua yule wa tumbo jeupe hayuko. Basi jana nilienda nikakaa nao. Kila mmoja nimempa karatasi yake. "Aliyepinda kuelekea milima ya Ngong." "Mwenye kovu la kamba ya mbuzi." "Mwembamba, amejificha nyuma ya wenzake." Vipimo vyote vipo, ila penye namba nimeacha wazi. Sijui kama karani atakubali. Nina imani kidogo, maana ni mtu wa huku, na nyumbani kwao pia lazima kuna mama.

Sikuombi urudi, wala usinisamehe kwa sababu ya mtoto. Kasirika kwanza. Ukitaka kunitukana, mjukuu aandike vilevile, nitasoma yote. Nataka tu siku moja unisalimie tena, hata kwa ukali, nami nijibu bila kuinama.

Karani ametoka mlangoni. "Mama Sila! Mama Sila wa fomu, ingia, watu wanangoja!" Sila ameshanishika sketi, nami nimesimama, Yeyo, naandikia ukutani. Nitaanza na kosa langu, nitaje ile siku ya tingatinga, halafu nimsome yule aliyepinda, halafu