Kidari Ni Changu

Dada, Yusufu ameua! Mwanangu, yule uliyekuwa ukimcheka kwamba anaogopa hata kuku, ameangusha mnyama mkubwa kuliko ng'ombe wa Ankole, kwa risasi moja, huko Amerika kwenye milima ya theluji!

Haya, sasa nikusalimie, maana furaha imenitangulia. Hujambo, dada yangu? Magoti je, na mvua hizi? Ujiji wote wazima? Sisi wa Bwera tunamshukuru Mungu. Baba Yusufu bado anapakia chumvi Katwe anaipeleka Kasese. Mgongo unamsumbua lakini ukimwambia apumzike anawasha gari. Mimi niko na vitenge vyangu, na Wakongo wanavuka mpaka kila siku ya soko kuja kubishana nami bei.

Sasa nikueleze lililonikaa rohoni, maana kwako sijifichi.

Mnyama huyo wanamwita elki. Ni kama kulungu, ila mwili wa ng'ombe na pembe kama matawi. Kwao unapewa kibali unawinda. Si kama huku, ukikutwa na mkuki karibu na hifadhi unalala ndani. Mnyama hakuwa na shida. Shida ilikuwa mama mkwe wa Yusufu, Bi Linda. Mjane, kichwa mvi tupu, na anawinda tangu usichana wake. Kila nikipiga simu ni yeye: "Mama Linda kaniambia hivi, Mama Linda kanifundisha vile." Mtoto nimembeba mgongoni sokoni mpaka nguo zikachanika, leo ana Mama Linda!

Siku ya kuchagua bunduki alinipigia simu ya picha akiwa dukani. Kwao asubuhi, huku jua linashuka. Nikatoka nayo barazani ili watu waone, hilo silikatai. Jirani yetu askari mstaafu, tunamwita Afande, akaja kuchungulia begani kwangu. Yusufu alikuwa na bunduki mbili mbele yake. Moja nyepesi, risasi zake za kiasi, darubini ndogo juu yake. Hiyo ndiyo aliyoichagua Bi Linda, kwa kuwa mlimani unaibeba kutwa, na bunduki isiyokuumiza ndiyo unayolenga nayo vizuri. Ya pili nzito, mdomo mpana, na darubini yake kama chupa ya chai.

"Mama, unaonaje?"

"Chukua hiyo kubwa."

"Lakini Mama Linda anasema..."

"Mama Linda ndiye aliyekuzaa?"

Afande akanigusa bega. "Mama Yusufu, wacha. Hiyo kubwa iko na teke. Mutoto ataumia."

"Afande, wewe si ulikuwa unalinda stoo? Teke umelijulia wapi?"

Baraza zima likacheka. Yusufu naye akacheka, akainunua ile kubwa. Dada, siku hiyo nilitembea Bwera kama nimeinunua mimi.

Wiki haikuisha, akapiga na bandeji usoni. Kumbe kwenye mazoezi alisogeza jicho karibu mno na darubini, bunduki ikarudi nyuma kwa nguvu, ukingo wa ile chupa yangu ya chai ukampasua juu ya jicho. Nyuzi nne! Na nani alimkimbiza hospitali? Nani alimshika kichwa akishonwa? Bi Linda. Nikasubiri anilaumu, nipate pa kumkamatia. Hakunilaumu. Alimwazima tu bunduki ya marehemu mumewe, nyepesi kama ile aliyoichagua. Chakula kilinishinda. Namwambia Baba Yusufu ni huruma ya mtoto. Ulikuwa wivu, dada, tusidanganyane.

Basi akaenda nayo mlimani. Siku ya tatu akamwona elki, akasema Bismillahi, akafyatua, akakimbia na kisu akamwahi, akamchinja kabla hajakata roho. Jioni kwao, huku alfajiri, akanipigia simu ya picha.

"Mama, kidari nifanyeje?"

Unajua katika ukoo wa wakwe zangu kule Kyondo, mtu akiua mnyama wake wa kwanza, kidari, ile nyama ya kifua, ni cha mama aliyemzaa. Hakiguswi mpaka mama aseme. Mtoto wangu hajasahau!

"Kuleta huko hawaruhusu, mama," akasema. Nilijua anataka kumpa nani, na anaogopa kulitaja jina. Nikamwangalia ule mshono juu ya jicho.

"Mpe Mama Linda," nikasema. "Lakini umwambie ni changu, nimempa mimi."

Alimwambia hivyo hivyo. Bi Linda kala, kasifu, kisha kasema hawezi kula haki ya mtu asiyemjua uso. Anakuja! Anakuja na Yusufu na mkewe, anishukuru kwa mdomo wake. Sasa dada, sitaki anikute nimekaa peke yangu mlangoni. Wewe ndiye mama yake mkubwa, njoo. Nataka huyo mama ahesabu mwenyewe Yusufu ana mama wangapi.

Mwambie mdogo wetu muuza dagaa afunge duka aje na dagaa wa kutosha. Msalimie shangazi mshona kofia, mwambie kiti chake kitakuwa cha mbele. Mjomba mwalimu wa madrasa aje kusoma dua, lakini fupi. Na mama yetu mumshike mikono kwenye gari, msimwache nyumbani kwa kisingizio cha uzee.

Mimi mdogo wako ninayekupenda, Mama Yusufu.

Nawasubiri wote hapa Bwera Jumamosi ya mwisho ya Desemba, kabla ya adhuhuri.