Mama, Wewe Pia Uliingia

Kwako mama yangu, unayelala kaburini Gatitu,

Watu wakikutaja siku hizi husema ulikuwa mtu wa kweli. Mimi hunyamaza, kwa sababu nilikuwa na wewe Varanasi.

Ulikuja India kuniona nikihitimu usanifu wa majengo, nami nikakupeleka kwenye mji ule mtakatifu wa Wahindu, kando ya mto Ganga, nikuonyeshe nilichosomea. Tulitembea kutwa. Ngazi za mawe zilishuka kutoka kwenye majumba hadi majini, na hatukuona mwisho wake. Ukasema ati hawa watu walijenga mlima. Nilipokueleza kwamba madirisha yaliwekwa juu kwa sababu mto hufurika, ulizitafuta alama za maji ukutani ukaziona kabla yangu. Kichochoroni tulikutana na ng'ombe, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kupishana, sisi ndio tuliorudi nyuma. Ulicheka hadi ukajishika mbavu.

Magoti yalikusumbua tangu zamani, kwa kupanda na kushuka shamba la kahawa. Lakini ngazi zile zilikuwa na majukwaa mapana ya kupumzikia. Uliketi kwenye mojawapo, ukanyoosha miguu, ukasema, "Maitu, huyu fundi alijua watu wako na magoti." Ndivyo ulivyoniita, maitu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yako.

Kisha tukafika kwenye hekalu dogo. Ulivua viatu kabla yangu. Uliingia, ukapima unene wa nguzo kwa shubiri, ukapapasa maua yaliyochongwa kwenye jiwe, machozi yakakutoka. Sikukusukuma, Mama.

Tuliporudi nyumbani, kanisa letu lilinipa kazi ya kuchora jengo jipya pale kwenye mteremko. Niliweka majukwaa kama yale kwenye ngazi, kwa ajili yako. Wazee wa kanisa waliposikia nilikoyatoa, wakaanza kuuliza tulitafuta nini mahekaluni. Jumapili iliyofuata ulisimama kutoa ushuhuda, nami nimeketi safu ya tatu: "Mimi nilibaki nje nachunga viatu. Ni mtoto yangu aliingia."

Walikupigia makofi. Wiki haikuisha, kazi ikapewa mtu mwingine. Ulinipakulia githeri ukaniambia nile, chakula kinapoa. Ulijua fika nililokuwa nalo moyoni, ukaniongezea parachichi.

Mchoraji wao alipandisha ngazi moja kwa moja kutoka barabarani hadi mlangoni, bila pa kupumzikia. Ulizipanda mwaka mmoja, magoti yakakataa. Ukawa unakaa langoni kwenye kiti cha plastiki, ukisikiliza mahubiri kwa spika. Nilikukuta hapo Jumapili nyingi. Nilikusalimu, nikapanda.

Sijakusamehe, Mama. Neno moja tu, "niliingia", lingetosha, hata kama ungelisema jikoni tukiwa wawili. Na sijui nani atanisamehe mimi, maana Jumapili yako ya mwisho ulinishika mkono pale langoni ukaniuliza kama ile michoro bado ninayo. Nikakuambia niliichoma. Ulizitazama zile ngazi, ukaniachilia mkono.

Nilikudanganya. Iko chini ya kitanda changu mpaka leo. Nilitaka uumie, na uliumia.

Lala, Mama.

Ni mimi binti yako, uliyeniita mama.