Siku Kumi na Moja Nilizokusainia

Atu,

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, nimefua, nimekaa kwenye ngazi za hosteli ya kituo naota jua kama kuku. Wenzangu wote waliondoka wiki mbili zilizopita, fildi yao, mafunzo ya vitendo, imekwisha. Yangu imebaki siku moja, na aliyenibakiza huku ni wewe. Kwa hiyo nimeona nikuandikie kabla sijafunga begi. Najua ungecheka.

Nianzie mwanzo, maana uliondoka katikati ya habari.

Unakumbuka Machi, tulivyokaa kwenye kibaraza cha maktaba tunajaza fomu kwa simu yangu, mtandao unakata kila tukifika ukurasa wa mwisho. Walitaka wanafunzi tisa tu kutoka vyuo vyote, wakae likizo ndefu nzima kwenye kituo cha utafiti wa mbegu za viazi huku milimani Mbeya. Mimi nilitaka niombe pale pale Iringa tunakosoma, nilale kwa shangazi Ipogolo, nile ugali wa watu bila jasho. Ukasema, "Skola, wewe utazeeka na harufu ya nyanya za Ilula." Barua za maombi ukaziandika zote mbili, yako na yangu, ukahakikisha hazifanani. Tukafika kwenye swali la afya, kama mwombaji ana ugonjwa wowote wa kudumu. Ukaandika "hapana" kabla sijafungua mdomo. Nikakutazama. Ukasema wakijua damu yako ina selimundu watakubeba kama yai, na yai hakuna anayelipeleka shambani.

Pale chuoni nilikuwa najua mimi peke yangu. Kila mifupa ilipokukaba ukashindwa kuinuka, nilikuachia chupa ya maji ya moto kitandani, nikaenda darasani kukusainia. Karatasi ya mahudhurio ikinifikia naweka sahihi yangu, nashuka mistari miwili, naweka yako na ule mkia wake mrefu. Mhadhiri akiuliza, najibu yupo, katoka kidogo. Miaka miwili. Chuo kizima wanasainiana kwa sababu ya usingizi, mimi nilikusainia kwa sababu ya maumivu, na nilijiona rafiki wa kweli kabisa.

Majina yakatoka Mei, lako na langu yamo. Ulipiga vigelegele bwenini mpaka matroni akaja kuuliza nani anaolewa.

Halafu ile Jumamosi ya Juni nikaenda nyumbani Ilula kumsaidia mama kuchambua nyanya, magari ya kwenda Dar yalikuwa mengi. Nilikupigia mchana, sauti yako ilikuwa ndogo, ukasema, "Niko poa, usirudi." Sikurudi. Wasichana wa chumbani walidhani ni homa, wakakupa dawa ya maumivu, wakazima taa ili upumzike. Walikufanyia wema wote walioujua. Alfajiri walipokubeba kwenda hospitali, ulikuwa huongei tena.

Tulikuzika kwenu Tukuyu, nyuma ya migomba ya baba yako, mvua inanyesha kama kawaida ya kwenu. Siku zote nilikutania kwamba Wanyakyusa mnapenda msiba kuliko harusi, nawe ukanirudishia ya sisi Wahehe na nyama ya mbwa. Siku ile nikaona watu walivyojaa mpaka barabarani, wazee wamesimama kwenye matope saa nzima, nikaona haya kwa utani wangu. Mama yako alinishukuru akasema, "Ndaga fijo, mwanangu, ulimtunza." Atu, sikuweza kumwangalia usoni.

Fildi nilitaka kuiacha. Baba yangu ndiye aliyenipakia kwenye basi, na unamjua asivyo na maneno ya kubembeleza. Alisema, "Aliyekufa ni mwenzio. Wewe una barua ya kuripoti."

Basi nikaripoti. Kuhusu baridi ya huku tulidanganyana. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu, na maji ya bomba yanauma meno. Mezani kwenye chumba cha mlinzi kuna daftari la mahudhurio, kurasa zimechapwa majina yetu tisa tayari. Siku ya kwanza, Jumanne, nikasaini langu. Mkono ukashuka mistari miwili ukasaini lako, na mkia wake. Ulikwenda wenyewe, nakuapia. Nilipoona nilichofanya nilipaswa kumwambia mlinzi. Nikaona ulivyokaa pale kwenye karatasi, umefika kazini kama wengine. Nikaenda zangu shambani.

Siku ya pili haikuwa mazoea tena. Nilisaini kwa akili zangu timamu.

Utauliza ilikuwaje wasijue. Msimamizi wetu, Mama Sanga, alipokea watu siku ya kwanza kwa haraka, mchana wake akasafiri kikazi wiki mbili, akaacha ratiba ukutani. Sisi wenyewe tulikuwa hatujuani, na tuligawanywa, wengine shamba la juu, wengine la bondeni. Wa juu walidhani uko bondeni, wa bondeni walidhani uko juu. Aliyeniuliza nilimjibu yupo, katoka kidogo. Lile jibu bado lilikuwa mdomoni, limelainika kwa kutumika.

Na kwa kuwa ulikuwepo, ulipangiwa kazi. Vitalu vinne vya viazi, vyako. Kila asubuhi mtu anapita mstari kwa mstari akihesabu mashina yaliyonyauka na kuyawekea kijiti, kwa sababu mbegu yenye mnyauko ikitoka hapa inakwenda kuharibu shamba la mkulima asiye na kosa. Nikawa nahesabu vyangu, wenzangu wakienda kula nahesabu vyako. Nilikuwa nakuongelesha pale kwenye matuta. Nilikwambia viatu vya mvua vya kituo ni vikubwa, na mpishi anaweka chumvi kama adui. Nilifurahi, Atu. Lazima nikuambie hilo. Sikulia hata mara moja siku zile kumi.

Mama Sanga alirudi Jumatatu ya wiki ya tatu. Alitukusanya ghalani akatuambia tushukuru tulipo, maana kuna binti wa Idodi, wa kwanza kwenye orodha ya akiba, anayempigia simu kila Jumatatu kuuliza kama kuna aliyeshindwa kuripoti. "Asubuhi hii tena kanipigia. Nimemwambia daftari limejaa, asisumbuke."

Wenzangu wakacheka kidogo, wakimsifu kwa kung'ang'ania. Mimi nilisikia masikio yanapata moto. Nilikuwa sijamwibia mtu maishani, hata nyanya ya jirani, na kumbe kwa siku kumi nilikuwa nimekalia kiti cha mtu aliye hai.

Ungedhani nilisema pale pale. Sikusema. Kesho yake asubuhi nikachukua kalamu na kukusainia tena. Siku kumi za mwanzo naweza kuzisamehe, ile ya kumi na moja ndiyo inayoniumbua, kwa sababu nilikuwa najua. Nilijiambia bado siku moja tu, nikuage kidogo kidogo. Lakini kumwondoa mtu kwenye daftari si kama kupunguza chumvi kwenye mchuzi.

Jumatano nikabisha ofisini kwake. Nikaamkia, nikasimama. Nikasema, "Atuganile amefariki. Alifariki kabla hatujaripoti." Ndiyo mara ya kwanza kulitamka, Atu. Nyumbani nilikuwa nasema "hayupo tena", nasema "ametutoka". Neno lenyewe lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwangu.

Nikamweleza na ya daftari. Mama Sanga hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta na kanga, akaniuliza, "Sasa ulikuwa unamtunzia nafasi ili aje lini, binti yangu?"

Nikalia hapo. Nililia mpaka nikakaa chini kwenye sakafu yake, na yeye akaniacha, akawa anapanga makaratasi. Nilipomaliza akanipa rula na kalamu nyekundu, akasema nikazikate zile sahihi kumi na moja mimi mwenyewe, na pembeni niandike sababu. Zile za uongo nilikuwa nimeziandika bila kutetemeka. Neno "marehemu" limepinda mpaka leo, ukiliona utadhani limeandikwa na mtoto wa chekechea. Chuoni hakupeleka habari. Ila siku zangu zile kumi na moja nazo akazifuta, akasema wengine wakiondoka mimi nitabaki kuzirudia.

Binti wa Idodi alifika baada ya siku mbili. Anaitwa Zawadi. Alikuja na kigauni cha joto la kwao, akashuka kwenye gari meno yanagongana. Sikumpenda. Anaongea kutoka asubuhi hadi jioni, kila habari inaishia kwa tembo waliokula mahindi yao. Akapewa vitalu vyako. Siku ya tatu alinijia na karatasi akasema hesabu zangu hazipatani na anachokiona shambani, kwenye vitalu viwili nimeruka mashina mengi yaliyonyauka. Nikamkaripia. Halafu nikaenda kutazama. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nahesabu huku naongea na wewe, na ugonjwa ulikuwa unaenea mbele ya macho yangu.

Ikabidi nimwambie nafasi ile ilikuwa ya nani. Akaikunja ile karatasi yake ya hesabu. Halafu akasema, "Basi pole, dada. Twende tuvihesabu upya." Tukavihesabu siku mbili, tukang'oa tuta zima tukachoma. Sasa nampenda kidogo. Usione wivu.

Siku hizi za kurudia nimekaa peke yangu kwenye hayo matuta, na kuna jambo nimelifikiria nikalikimbia, nikalifikiria tena. Wale wasichana wa chumbani wangekuwahisha hospitali Jumamosi ile ile, kama wangejua kinachokuuma. Hawakujua kwa sababu wewe ulitaka, na mimi nilikuwa hodari wa kuficha. Nilikusainia vizuri mno. Kila mtu aliamini upo na u mzima. Sisemi nilikuua, Mama Sanga amenikataza kusema hivyo, na mchana ninamwamini, usiku sina hakika. Lakini wewe hukuwa yai, Atu. Ulikuwa mtu mwenye ugonjwa, na watu wangeweza kukusaidia.

Nimekukasirikia pia. Ile "niko poa" yako nimeikasirikia wiki nzima, nikakupigia kelele mbele ya viazi. Imepita.

Nakuahidi hivi. Desemba nitapanda kwenda Tukuyu, nikae na mama yako jikoni, nimwambie yote. Kwamba uliumwa mara nyingi kuliko ulivyomwambia kwa simu, na kwamba mimi nilijua kila mara. Alinishukuru kwa kukutunza, na ile shukrani nimeibeba bila haki. Anaweza kunifukuza. Anaweza kunipa ndizi nimenye na kuendelea kulia. Lolote atakalolifanya, nitakuwa nimeketi pale nikilipokea.

Jua limehama ngazini, vidole vinaanza kuganda. Kwaheri, rafiki yangu. Sikuwa nimekuaga.

Lala, Atu. Mimi kesho naamka mapema.

Skola wako