"Surely" ya Masanja

Shoga, nimetoka kwa kina Julieth sasa hivi, hapa Mtendeni.

Masanja kaja, yule mchumba wake mwalimu wa Kiingereza. Julieth akamsomea ujumbe wake mwenyewe mbele ya wazazi: "Nitakuoa, surely."

Masanja akacheka! Eti zamani surely ilikuwa hakika kabisa, siku hizi Waingereza huisema wakiwa na shaka. "Kwa hiyo sikuahidi."

SIKUAHIDI. Kasema hivyo, shoga!

Shangazi yake Julieth akamuuliza, "Na mimba ya miezi mitano nayo ina shaka?"

"Hiyo muulizeni mwenye nayo."

Julieth alikuwa anammiminia chai. Akaendelea kumimina, kikombe kikafurika, chai ikamuunguza vidole. Masanja akasogeza magoti tu, suruali isilowe.