Sumaku ya Spika Yangu

Mutua, ndugu yangu mchunga mbuzi, niaje huko Mwala?

Huku mtaani Jericho mimi ndiye fundi! Niliunda spika kubwa kama ngoma, wapangaji wote wa ploti wakacheza. Ndunge, yule binti mdogo wa shangazi, akawa anailalia kila mchana. "Kaka, inanitekenya masikio!"

Unakumbuka ile koki ndogo kama punje ya haragwe waliyomwekea Ndunge chini ya ngozi ya kichwa, ya kupunguza maji yanayojaa kwenye ubongo? Kumbe daktari huilegeza au kuibana kutoka nje, kwa sumaku. Na spika yangu ina sumaku kama sahani. Koki imejibana. Ndunge anatapika, macho yanaangalia chini tu. Kifaa cha kuilegeza daktari mgeni alirudi nacho kwao Ulaya. Hospitali hapa wanasema apasuliwe upya, lakini foleni ni ndefu, na maji hayajui foleni.

Shangazi hajanigombeza. Heri angenichapa. Hata nyama choma ya soko la Burma siigusi, mimi!

Leo Ndunge ameuliza kwa nini nimezima muziki.

Nisalimie mbuzi wako wote, mjinga wewe, na umwambie susu, bibi yetu, apige magoti amwombee Ndunge.

Kyalo, fundi bure